Kilo Tatu za Unga wa Lishe

Unga ulifika Göteborg, Uswidi, ndani ya begi la shemeji yangu, umefungwa kwa khanga mbili na mifuko ya nailoni isiyohesabika. Kilo tatu. Juu yake Mama alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Wa mjukuu wangu." Mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja mashineni pale Moshi. Binti yangu alikuwa na miezi mitano na ushee, na kila Jumapili Mama alikuwa na swali moja tu kwenye simu: "Mama Neema, mtoto bado hujamlikiza, hujamwanzishia uji?"

Mimi alinilikiza nikiwa na miezi mitatu. Hilo hulisema kama ushahidi wa mwisho mahakamani, maana si nipo, nimekua, na sasa namkatalia uji mjukuu wake.

Nesi wa kliniki ya watoto, ambayo huku wote huiita BVC, alikuwa amenieleza kwamba kuanzia miezi minne mtoto anaweza kuonjeshwa vitu, lakini kuonja tu, ncha ya kijiko. Chakula chenyewe ni karibu na miezi sita. Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita, na kliniki za nyumbani zinasema hivyo hivyo. Kwa hiyo ugomvi haukuwa kati ya Uswidi na Tanzania. Ulikuwa kati yangu na Mama.

Kitu ambacho nesi alikisisitiza hadi nikakichoka ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake, na akiba hiyo huanza kuisha kwenye miezi sita, wakati maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha kuifidia. Ndiyo maana uji wa pakiti huku huongezwa chuma kiwandani, pamoja na kile kinywaji chao cha välling ambacho watoto wa Kiswidi hunyonya kwa chupa hadi wanaanza kukimbia. Siku nilipoionja välling nilicheka peke yangu jikoni. Ni uji! Uji mwepesi wa maziwa, kama ule wa mgonjwa.

Basi nikafungua unga wa Mama. Harufu ikanipiga: mafuta yaliyokaa. Nikalamba kidogo, uchungu. Soya na karanga zina mafuta, ukishazisaga na nafaka na kuzifunga kwenye joto haziwezi kukaa. Na si ladha tu. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo haionekani wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Sisemi unga wa Mama ulikuwa nayo, sikuwa na namna ya kujua, na hapo ndipo penye shida: ukishachanganya vitu saba, kimoja kibovu hukioni tena. Niliumwaga usiku, Baba Neema amelala. Khanga nikazifua.

Kumwambia Mama kulinichukua siku nne.

Cha ajabu, kuhusu karanga zenyewe nesi alikuwa upande wa Mama. Zamani wazazi wa Ulaya na Marekani waliambiwa wawacheleweshee watoto karanga kwa kuogopa mzio. Mwaka 2015 utafiti wa London uliofuatilia watoto 640 wenye hatari kubwa ya mzio ulionyesha kinyume: walioanza kuzila mapema walipata mzio wa karanga pungufu kwa takriban asilimia 80. Kwa hiyo Neema analambishwa siagi laini ya karanga iliyozimuliwa kwenye uji. Nzima hapana, zitamkaba.

Uji wenyewe nikaurudia upya kwa ulezi mtupu kutoka duka la Wasomali kule Angered. Tatizo la uji kila mama analijua: ukiwa mwepesi, mtoto anajaza tumbo maji, ukiwa mzito, hamezi. Bibi yangu alitumia kimea. Nikaloweka ulezi usiku kucha, nikaufunga kwenye kitambaa kibichi, ukachipua siku ya nne kwa sababu ya baridi (kwa Bibi ilikuwa siku mbili), nikaukausha kwenye oveni yenye moto wa chini, nikausaga kwa mashine ya kahawa. Unapika uji mzito hasa, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko cha kimea, unakoroga. Ndani ya dakika chache unalegea mbele ya macho yako, kisha unauchemsha tena kidogo. Unga ni ule ule, ila sasa unamezeka.

Nikataka kujua kwa nini, na nikakuta kwamba mwaka 1983 Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Svanberg wa Chuo Kikuu cha Chalmers waliandika kuhusu jambo hili hili: kimea kina vimeng'enya vinavyokata wanga, ndiyo maana uji hulegea. Chalmers iko hapa hapa Göteborg, napita na tramu kila asubuhi.

Mchicha ndio ulitutenganisha kabisa. Huku wanashauri mtoto asipewe spinachi na majani mengine ya kijani kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu ya nitreti, kemikali iliyomo ndani ya majani hayo. Mama aliposikia alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. "Mboga za majani? Nazo?" Sikumtetea nesi sana. Nimeamua kusubiri kwa kuwa miezi michache haimnyimi mtoto kitu, na chuma anakipata kwenye mtori: ndizi, nyama ya kusaga, hoho kidogo ya kusaidia chuma kufyonzwa, chumvi hamna. Mtori haukuhitaji ruhusa ya mtu. Nesi aliuliza tu kama nyama imeiva vizuri, akaandika.

Wiki iliyopita shemeji alirudi tena kutoka nyumbani. Khanga mbili zile zile. Ndani ulezi, haujasagwa, na pembeni, kwenye mfuko wake wenyewe, karanga zikiwa bado na maganda.