Ninavyofuatilia tafiti za afya ya watoto nikiwa hospitali ya wilaya

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wote tangu nianze kazi ya utabibu ni huu: "Wewe subiri mwongozo utoke." Nimeusikia semina, nimeusikia kwenye raundi, nimeusikia hata kwa watu ninaowaheshimu sana. Unanikera. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa AQUAMAT: watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, wengine wakapewa kwinini, wengine sindano ya atesuneti. Kwenye kwinini walifariki asilimia 10.9, kwenye atesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Sasa, kutoka Geneva, yalipo makao makuu ya shirika hilo, hadi kabati la dawa la wodi ya wilaya ni safari nyingine, na wakati safari hiyo inaendelea, watoto wenye degedege wanazidi kuletwa usiku. Aliyeusoma utafiti mapema ndiye anayemsumbua mfamasia kuuliza dawa inakuja lini, na ndiye anayewafundisha wauguzi kuichanganya kabla boksi la kwanza halijafika.

Sisemi mtu abadilishe tiba kwa sababu amesoma makala moja usiku. Sijawahi kufanya hivyo na sitafanya. Nasema mtu ajue.

Mimi ni tabibu wodi ya watoto, mkoa wa Tanga. Maktaba hatuna. Intaneti yangu ni bando la simu, elfu kadhaa kwa wiki, na sehemu kubwa ya bando hilo inakwenda kwenye mambo ya wanangu. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yamepita kwenye simu ya kawaida kabisa.

Ushauri mwingine mbaya nilipewa na mwezeshaji wa semina moja, mtu mwenye vyeti vingi. Alituambia tujiandikishe kwenye taarifa za barua pepe za majarida yote makubwa, "halafu mtakuwa mnasoma kila siku kama wenzenu wa Ulaya." Tukajiandikisha darasa zima. Wiki ile ile simu ikaanza kumiminikiwa. Saratani ya tezi dume. Goti la bandia. Dawa mpya ya moyo kwa wazee. Matibabu ya vinasaba kwa ugonjwa ambao sijauona wala sitegemei kuuona. Katikati ya rundo hilo, kitu kimoja cha nimonia ya watoto, nacho ukikifungua kinadai ulipie dola. Wenzangu wengi waliacha kufungua barua pepe kabisa, mpaka za kazini zikawapita. Yule mwezeshaji hakukosea kwamba majarida hayo ni mazuri. Alichosahau ni kwamba yanawaandikia watu wenye wodi nyingine. Anayetibu watoto wa Tanga anahitaji chujio kwanza, kusoma kunafuata.

Chujio langu la kwanza nililipata kwa daktari bingwa wa watoto aliyekuja kwetu kwa ziara ya usimamizi. Alinirushia faili kwenye simu akaniambia, "Dada, hili linatosha mwaka mzima." Ni kijitabu ambacho Profesa Trevor Duke wa Melbourne, Australia, amekuwa akikitoa kila mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinakusanya majaribio ya tiba yaliyofanywa kwa watoto wa nchi zinazoendelea na kuchapishwa ndani ya miezi 12 iliyopita, yakapangwa kwa ugonjwa: malaria, nimonia, kuhara, watoto wachanga, lishe, kifua kikuu, na kuendelea. Kila utafiti una muhtasari wake. Ni bure. Ukishakipakua hutumii bando tena, unasoma hata kwenye daladala. Sikisomi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nafungua sura ya ugonjwa uliojaza wodi msimu ule, mvua zikianza nasoma kuhara na malaria, na nyingine zinasubiri.

Chujio la pili ni PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, ambayo mihtasari yake ni bure kwa kila mtu. Watu wanaikimbia kwa sababu ukiandika "malaria" peke yake inakumwagia makala maelfu. Mimi naandika ugonjwa kwa Kiingereza, nachagua majaribio ya nasibu tu (yale ambayo bahati nasibu ndiyo inaamua mtoto yupi apate tiba ipi), nachagua umri wa watoto, kisha naongeza majina ya nchi: Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi. Hapo maelfu yanakuwa makala chache za kusomeka jioni moja. Na hilo la majina ya nchi si uzalendo. Ninataka mtoto aliyefanyiwa utafiti awe anafanana na wangu: malaria ile ile, upungufu wa damu ule ule, mama aliyetembea umbali ule ule.

Sasa niseme namna ninavyosoma, maana hapa ndipo ninapojivunia. Wengi wanaruka hadi mstari wa mwisho, hitimisho. Mimi hitimisho naliacha mwisho kabisa. Kwanza natafuta ni watoto gani waliingizwa, na hasa ni watoto gani waliachwa nje. Pili natafuta kilichopimwa: kifo, au siku za kulazwa, au namba ya maabara tu? Tatu nageuza asilimia kuwa vitanda. AQUAMAT ilionyesha tofauti ya asilimia 2.4. Ukimwambia muuguzi "asilimia 2.4" anaitikia kwa heshima tu. Mwambie kwamba katika kila watoto 40 hivi wa malaria kali, mmoja anapona kwa sababu ulichagua atesuneti badala ya kwinini, kisha mwoneshe wodi. Sista wetu mkuu wa wodi alipoisikia hivyo aliniuliza papo hapo, "Dokta, kwa hiyo mwezi mmoja wa mvua ni watoto wangapi?" Akaanza kuhesabu mwenyewe kwenye daftari la wagonjwa.

Hiyo kazi ya kutazama walioachwa nje iliokoa jambo kubwa, na nitalieleza kwa kirefu.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la kazini ilizunguka sauti ya mtu asiyejulikana, anazungumza kwa kujiamini kabisa: utafiti umethibitisha kwamba dripu za haraka zinaua watoto wa Afrika, acheni mara moja. Ilisambazwa na watu wazima, wengine viongozi. Siku chache baadaye analetwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anaharisha na kutapika tangu jana yake. Macho yamezama, ukivuta ngozi ya tumbo inabaki imesimama kabla ya kurudi, hawezi kunywa, amelegea mikononi mwa bibi yake. Huyo ni Mpango C, yaani dripu ya haraka kwa mtoto aliyeishiwa maji vibaya, hakuna mjadala. Kijana wetu wa mazoezi alikuwa ameshaweka kanula vizuri tu, lakini dripu imefungwa, inadondoka tone moja moja. Namuuliza, ananijibu kwa sauti ya chini ili bibi asisikie, "Dada, si ile sauti imesema tusikimbize maji?"

Nikafungua dripu kwanza. Mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, kisha mililita 70 kwa kila kilo kwa saa mbili na nusu, kama tulivyofundishwa. Mtoto alipoanza kukojoa na kushika kikombe cha ORS mwenyewe, nikamwita kijana, tukakaa kwenye benchi la kituo cha wauguzi, nikamfungulia utafiti wenyewe kwenye simu.

Unaitwa FEAST. Uliongozwa na Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2011. Ulifanyika Uganda, Kenya na hapa kwetu Tanzania, kwenye Hospitali Teule ya Muheza, mkoa huu huu. Katika kundi kuu la watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, waliosukumiwa maji ya haraka walifariki asilimia 10.5 hivi ndani ya saa 48, na wasiosukumiwa asilimia 7.3. Ulisimamishwa kabla ya muda wake. Kwa vitanda: kila watoto 30 waliosukumiwa maji, mmoja zaidi alipotea. Matokeo hayo ni ya kweli na ni mazito, yalitikisa hospitali za dunia nzima. Ile sauti haikuyazua.

Lakini nikamwambia, soma waliokataliwa kuingia. Akasoma kwa kidole: watoto wanaoharisha na kutapika hawakuingizwa. Wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Walioungua moto na walioumia ajalini hawakuingizwa. Kwa hiyo utafiti ule ulimhusu mtoto wa homa kali aliyelegea, ambaye hajapoteza maji kwa kuhara, na kumhusu huyo tunautii. Mtoto wa bibi yule haumo ndani yake hata kidogo. Kijana alinyamaza, akausoma tena mstari ule, halafu akachukua simu yake na kuandika kwenye kundi, kwa maneno yake mwenyewe, nani anahusika na nani hahusiki. Ujumbe wake tukauchapisha, ukabandikwa juu ya meza ya dripu. Bado upo.

Tangu hapo nikaweka sharti: atakayeleta habari ya utafiti kwenye kundi letu alete na muhtasari wake, na aseme watoto gani waliachwa nje. Habari zimepungua sana, na zinazokuja zina maana.

Kuhusu kupata makala kamili, watu wanalalamika kuliko inavyostahili. Lancet Global Health, PLOS Medicine na Malaria Journal ziko wazi kwa yeyote. Yaliyofungwa mengi yanapatikana kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa. Wanaosajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja. Kama hospitali yako haijasajiliwa, mwambie mganga mkuu, ni fomu tu. Ukishindwa, mwandikie mtafiti mwenyewe. Barua pepe yake mara nyingi iko pamoja na muhtasari. Wengi hujibu, na hufurahi kuona anayeuliza yuko wodini.

Na usiogope kupeleka swali juu. Akina mama wetu walikuwa wakisema kila mara, "Dokta, hii zinki anaitapika." Mwongozo tuliokuwa nao ulisema miligramu 20 kwa siku kwa mtoto anayeharisha wa zaidi ya miezi sita. Nikapekua, nikakuta utafiti wa mwaka 2020, watoto 4,500 wa Dar es Salaam na India: waliopewa miligramu 5 au 10 hawakufanya vibaya kuliko wa 20, na waliotapika walikuwa wachache zaidi. Hatukubadilisha dozi. Niliuchapisha muhtasari, nikaupeleka kamati ya dawa ya hospitali, nikaomba upelekwe mkoani, na kumbukumbu za kikao zina swali hilo kwa maandishi. Wakati huo huo tukawafundisha akina mama jambo moja tuliloweza: akitapika ndani ya nusu saa, arudie kidonge.

Huduma ya kangaruu nayo nilifika nayo kabla ya barua ya wizara. Utafiti wa 2021, ambao Muhimbili walishiriki, ulionyesha kwamba mtoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 akiwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atulie kwanza, vifo vilishuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0. Sista alipogeuza kuwa vitanda alianza siku hiyo hiyo kutafuta viti vya kuegemea.

Sasa hivi tunasoma TRACT, wa Uganda na Malawi, 2019, kuhusu kiasi cha damu ya kumwongezea mtoto mwenye upungufu mkali wa damu. Kwa jumla, mililita 20 au 30 kwa kilo hazikutofautiana kwa vifo. Ukitenganisha wenye homa na wasio na homa, picha inabadilika: wasio na homa walinufaika na 30, wenye homa walifanya vizuri zaidi na 20. Kwa mtoto wa kilo 10 ni tofauti ya mililita 200 na 300, na kinachoamua ni kipimajoto. Kwa hiyo fomu yetu ya kuomba damu tumeongeza kisanduku cha joto la mwili, na muuguzi hapokei fomu ambayo kisanduku hicho ni kitupu. Kiasi cha damu bado ni uamuzi wa daktari wa zamu na mwongozo alio nao, ila hakuna anayeagiza tena bila kujua joto la mtoto.