Siku moja maishani mwangu: madereva wapo, programu inasema hawapo

Saa 11 alfajiri. Depo yetu iko Kampemba, upande wa viwanda, hapa Lubumbashi. Malori ya Likasi na Kolwezi yanatoka saa 11 na nusu. Nafungua programu ya kupanga safari: nyekundu hapa, nyekundu pale, "hakuna dereva". Nikichungulia dirishani, madereva wenyewe wako uani na chai mkononi. Papa mmoja ananiuliza, "Mama, hata leo mashini inasema siko?" Nawapangia kwa mkono, wanaondoka. Lakini kesho itakuwa yaleyale.

Saa 2. Naanza na visa vya kawaida: leseni ambayo tarehe yake haijasasishwa, likizo iliyosahaulika, dereva asiyeruhusiwa kuvuta trela. Nampata mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Sisi Wakongo tuna majina matatu, programu ina nafasi mbili. Kila karani akachagua mawili yake. Basi mtu mmoja yuko zamu na "mwenzake" yuko likizo. Nawaunganisha.

Saa 4. Nyekundu nyingine zimebaki, zote za madereva wapya. Safari za saa 2 wanapewa bila tabu. Wanazokosa ni zile za mwanzo wa zamu tu. Jioni mambo yanageuka: mmoja zamu yake inaisha saa 11, amepangiwa safari ya saa 11 na nusu. Asubuhi pengo la saa moja, jioni pengo la saa moja. Hapo naachana na madereva, natazama saa.

Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa mwaka mzima: ukihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi ni UTC+2, wao UTC+1. Ukimsajili dereva ukachagua nchi, programu inajijazia eneo la saa la Africa/Kinshasa. Depo na malori viko Africa/Lubumbashi. Kwa hiyo zamu ya saa 11 alfajiri inasomwa kama saa 12 ya kwetu, na lori la saa 11 na nusu linamkuta dereva "hajaanza kazi". Hesabu ni sahihi kabisa, ila ni ya mji ulio zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa.

Saa 7. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Umeme umekatika, jenereta inanguruma.

Saa 8. Kubadilisha eneo la saa peke yake hakutoshi: programu inasogeza na zamu, saa 11 inakuwa saa 12. Inabidi kuziandika upya, kisha kupanga upya kuanzia kesho tu, nisije nikawanyang'anya safari walio barabarani.

Saa 10. Ratiba ya kesho imebaki na nyekundu moja, ya Kasumbalesa. Dereva alikesha kwenye foleni ya mpakani na saa zake za kupumzika hazijatimia. Hiyo siigusi, natafuta mtu mwingine.

Saa 11 jioni. Nawaandikia watengenezaji: eneo la saa lisijazwe kwa kufuata nchi. Wananitumia fomu ya malalamiko. Nachagua nchi, na fomu inajiandikia saa 10.