Kisanduku cha Mengineyo

Juzi Bwana Mkubwa, yaani mwanangu, aliiona kadi yake ya ulemavu. Niliiacha mezani kwa kuwa muda wake unaisha na itabidi tukaanze upya. Akaisoma mbele na nyuma, kama anavyosoma kila kitu, mpaka maelezo ya sabuni. Kisha akauliza: "Aina ya ulemavu: mengineyo. Mengineyo ni yepi?"

Nikajifanya nimesikia chungu kikifurika.

Siku ya kadi ile alikuwa na miaka sita. Habari za kuisaka ripoti ya daktari kuhusu usonji wake (autism) ni kisa kingine, sizisimulii hapa. Nilifika ofisini na faili nene, nikiwa nimechapisha hadi ibara ya kwanza ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ule wa 2006: upungufu wa muda mrefu wa mwili, wa afya ya akili, wa uelewa au wa milango ya fahamu, ambao ukikutana na vizuizi unaweza kumnyima mtu nafasi ya kushiriki sawa na wenzake. Hapo kwenye vizuizi nilipiga mistari miwili. Usonji haukutajwa kwa jina, lakini hata upofu haukutajwa. Nilijiandaa kwa mabishano, nawaambia.

Mabishano yenyewe hayakuwapo. Afisa, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mama, mbona mtoto mzima?"

Na kweli, asubuhi hiyo alikuwa mzima kuliko sisi wote. Mtoto aliyeniamsha saa tisa usiku, aliyegoma kuvaa shati kwa sababu ya lebo ya shingoni, sasa alikuwa ametulia tuli akipanga mihuri ya ofisi, mdogo hadi mkubwa. Fomu ilikuwa na visanduku: viungo, macho, masikio, akili.

"Akili?"

"Anasoma magazeti."

"Basi si akili." Akafunua ripoti. "Ngazi ya pili. Kati ya ngapi?"

Nikamweleza kuwa ngazi ni tatu, kwa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013, na kwamba zinapima msaada anaouhitaji mtu.

"Kumbe yuko katikati," akasema, kama anayenipa pole na hongera kwa pamoja.

Hapo nikaanza kuomba. Sikumwombea afisa moyo wa huruma. Niliomba mwanangu alipuke. Alie, ajirushe chini, aonekane. Mimi ambaye miaka yote hiyo sikuwahi kutoka naye nyumbani bila kuomba kinyume chake! Nikaikodolea macho ile mihuri. Nilijua vizuri ungehamishwa mmoja tu ingekuwaje, na mkono wangu ulikuwa pale pale juu ya meza. Sijawahi kumsimulia mtu kuhusu ule mkono.

Haikunilazimu. Afisa alitaka kugonga "irudishwe" kwenye fomu yangu, akauchukua muhuri wa katikati.

Yowe lile lilinyamazisha foleni nzima. Mtoto alikuwa chini ya meza, anagonga kichwa kwenye mguu wa kiti, na mimi niko magotini nimembana kifuani kwa nguvu kama anavyopenda. Na ndani yangu, Mungu anisamehe, kulikuwa na kitu kama furaha. Haya, ameona. Nilipoinuka, mama wa watu alikuwa amekwisha kutia tiki kwenye kisanduku cha mwisho, mkono unamtetemeka. Muhuri akaurudisha mahali pake, katikati kabisa. Hilo nalikumbuka kwa shukrani.

Yaliyobaki yalikwenda haraka: picha, saini, wiki kadhaa za kusubiri, kadi.

Juzi hiyo hiyo usiku alinifuata jikoni. Swali la mengineyo alikuwa ameliacha.

"Tukienda, watanitazama tena?"

"Watakutazama."

"Sasa siku hiyo nikae vipi?"

Nikamwambia tutazungumza kesho. Hiyo kesho ilikuwa jana.