Nageuza Nayo

Leo asubuhi nimelipa nauli mara mbili kwa safari moja, tena kwa hiari yangu. Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa Tabata Bima, safari yangu Kariakoo. Nikavuka barabara, nikapanda gari linalokwenda Segerea, yaani kuupa mji mgongo. Tulipofika mwisho sikushuka. Watu wa Segerea wakaanza kusukumana mlangoni, kijana mmoja akarusha begi lake kupitia dirishani kuwahi siti, na mimi nimetulia, mkoba mapajani, natazama nje kama mtu asiyehusika.

Mkazi wa Dar ameshanielewa: nimegeuza nayo. Kwa mgeni niseme tu kwamba ukikaa kituo cha katikati kama mimi, asubuhi daladala za mjini zinakufikia zimeshajaa, konda ananing'inia mlangoni na dereva hata hapunguzi mwendo. Kwa hiyo unaifuata gari inakotokea. Unalipa ya kwenda, unalipa na ya kurudi. Konda naye anajua. Hakuulizi unafuata nini Segerea alfajiri yote hiyo na sketi ya ofisini. Anachezesha sarafu mkononi, anasema, "Anti, unageuza?" Basi.

Mdogo wangu, ninayeishi naye, anaona nimerogwa. Yeye ni mtu wa boda. "Dada, wewe huna hesabu," ananiambia. "Mimi dakika ishirini na tano nimefika. Wewe unalipa mara mbili ili uchelewe." Nikaona isiwe tabu. Mwanzoni mwa mwezi nikachukua daftari, nikawa naandika kila siku nimetoka saa ngapi, nimelipa kiasi gani, nimefika saa ngapi. Nilitaka nimshinde kwa namba.

Namba zimenisaliti. Siku za kugeuza natoka nyumbani mapema kwa karibu dakika arobaini, na pesa inakwenda zaidi. Tangu Desemba 2023, nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilipopanda kutoka shilingi 500 hadi 600, hata chenji imekuwa ugomvi. Unatoa buku, konda anatakiwa akurudishie mia nne, na mia nne hana, au anazo ila anangoja usahau. Kugeuza ni kuuingia ugomvi huo mara mbili kabla ya chai.

Ila pembeni ya namba nilikuwa naandika neno moja la jinsi nilivyofika: salama, hoi, na hasira, na usingizi. Hapo ndipo nilipojiona. Siku zote nilizoandika "hoi" ni siku nilizosimama kituoni. Mbili kati ya hizo, nilipoangalia muda, nilisubiri dakika kumi na tano tu. Mwilini zilikuwa saa nzima, maana kila gari likichomoza unainuka, unajipanga, unakaza mkoba, halafu linapita. Foleni ya Buguruni, malori ya bandarini yanapokuwa yameijaza Barabara ya Mandela, inatula hata dakika arobaini, na hizo daftari halizilalamikii. Nilikuwa nimekaa. Siku nyingine nilikuwa nimelala kabisa, mdomo wazi.

Kumbe kinachonitesa ni kusimama bila kujua. Muda nautoa bila kinyongo. Nadhani ndiyo maana Oktoba 2012, treni ya mjini ilipoanza kati ya Ubungo na Stesheni, watu waliipenda mpaka wakaibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, wakaiita treni ya Mwakyembe. Ilikuwa na saa yake. Na daladala zenyewe, ukiwasikiliza wazee, ni mtoto wa kusubiri: mabasi ya shirika la umma la usafiri hayakutosha, watu wakawa wanabebwa kwa magari ya watu binafsi kwa kujificha, hadi serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala. Nauli imepanda mara nyingi tangu hapo, jina limebaki palepale.

Jirani yangu anayekaanga mihogo hana daftari, na safari zake ni ngumu kuliko zangu. Saa kumi alfajiri yeye na wenzake wawili wanachanga bajaji kwenda soko la Buguruni. Si kwamba wanaharakisha. Saa hizo kituoni hakuna mtu, na mwanamke mwenye hela ya mtaji kifuani hasimami gizani peke yake. Kurudi anapanda daladala, lakini si yoyote. Anamngoja konda fulani anayekubali viroba vyake vikae nyuma bila kudai nauli ya mtu mzima kwa kila kiroba. Magari matatu, manne yanampita matupu. Nilimwambia juzi, "Mama, wewe hupandi gari, unapanda konda." Akacheka, akanikatia kipande cha muhogo.

Halafu kuna jambo lililonikaa kooni leo, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Pale Segerea mama mmoja aliyefanikiwa kuingia akasimama mbele yangu, akatuangalia sote tuliokaa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva: "Hii gari hapa ndiyo mwanzo. Ninyi mmetokea wapi?" Hakuna aliyejibu. Wote tukapata kitu cha kutazama kwenye simu.

Kando yake alisimama mwanafunzi, sweta la kijani, daftari zimeuchosha mgongo. Yeye akilipa nauli yake ya mia mbili konda anaona siti imekwenda bure, kwa hiyo mlango huwa mwembamba ghafla akitokea yeye. Nilimpokea begi nikalipakata, kama tunavyofanyiana. Lilikuwa zito ajabu. Nikamuuliza ametoka nyumbani saa ngapi, akasema saa kumi na moja na nusu. "Sasa mbona hugeuzi?" Nikajisikia mjinga neno likiwa bado mdomoni. Hela ya kugeuza ndiyo hela yake ya kula shuleni, na hata angekuwa nayo, konda asingemwacha akalie siti kwenda na kurudi.

Alipofika kituo chake akachukua begi, akasema, "Asante, mama." Mama! Nina miaka thelathini na mbili.

Jioni nikamsimulia mdogo wangu. Nilitegemea acheke hapo kwenye "mama". Akaniambia ana rafiki yake anakaa Segerea mwisho kabisa, mita chache kutoka kituoni, ambaye siku hizi anatoka nyumbani kwake anatembea kurudi nyuma vituo viwili ili aipande gari ikiwa bado inakwenda Segerea. Ameona wanaokaa mwisho wa gari ndio wanaosimama, naye akaamua kugeuza. Kwa hiyo mimi na yeye huenda tunakaa siti moja, wote tukirudi nyuma ili twende mjini.

Nauli ya kesho nimeshaiweka juu ya friji, sarafu tupu, nisiombe chenji. Upande wa Kinyerezi mawingu yametanda na upepo umeanza kubamiza geti. Mdogo wangu amekwenda dirishani mara tatu. Mvua ikinyesha habari ya boda imekwisha. Sasa hivi ameniuliza, kwa sauti ya chini ambayo si yake, gari la kwanza la kugeuza linapita pale Bima saa ngapi.