Watoro wa Rabai

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Wagalatia 5:13: "Maana ninyi, ndugu, mliitwa mpate uhuru, lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo."

Nianze na linalonihusu mwenyewe. Wiki mbili zilizopita niliombwa kushika zamu ya kumuuguza mzee mmoja wa kanisani petu aliyepooza upande. Nikajibu sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Moyoni nilijiambia kwamba siko chini ya sheria, hakuna wa kunilazimisha. Jumamosi nikapita kumjulia hali tu. Nikamkuta binti wa kwaya ameketi kwenye kigoda, mguu wa mzee ameupakata juu ya taulo, beseni la maji ya vuguvugu pembeni, anamkata kucha. Kucha zenyewe nene, zimepinda. Anakata kidogo, anasimama, anauliza, "Babu, naumiza?" Naye pia hakuna aliyemlazimisha.

Usiku ule nilimkumbuka William Jones wa Rabai, kijiji cha misheni karibu na Mombasa. Wengi wetu hapa Pwani tunawajua wamisionari Krapf na Rebmann. Huyu hatajwi sana, na nadhani tumepoteza kitu. Jones alikuwa Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akapelekwa India, akasomeshwa na misheni huko Nasik. Watu wa aina yake waliitwa Waafrika wa Bombay. Alirudi Afrika Mashariki kufanya kazi ya Injili, na mwaka 1885 Askofu James Hannington akamweka wakfu kuwa shemasi, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka uo huo alisafiri na askofu kuelekea Buganda. Hannington akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki wa msafara ule kurudi Rabai kwa miguu.

Lakini lililonishika zaidi ni jambo jingine. Rabai wakakimbilia watoro, watumwa waliotoroka mashamba ya mabwana zao. Kwa sheria ya Pwani wakati ule utumwa ulikuwa halali, na misheni yenyewe ilikuwa imekataza kuwapokea. Kuwapokea kulikuwa hatari kwa kijiji kizima. Jones aliwapokea. Wakawa mamia, wana viwanja, wanalima, wanasali. Mabwana walipokuja juu kudai mali yao, ikabidi kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikishika Pwani iwalipe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wakapewa hati zao za uhuru pale pale Rabai.

Fikirini hali yake. Yeye uhuru alikuwa nao tayari. Ana elimu, ana daraja la ushemasi, ana heshima kwa Wazungu na kwa Warabai. Angeweza kuwaambia wale watoro kwamba mambo ya sheria hayamhusu, na hakuna ambaye angemlaumu. Wakubwa zake wangemsifu. Aliyewahi kuuzwa alijua mtu anayebisha hodi usiku anakimbia nini.

Lugha yetu yenyewe imelibeba jambo hili. Mtumwa, mtumishi, mtume: yote yametoka katika kutuma. Soma Warumi 1:1, "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Mstari mmoja, maneno mawili ya mzizi mmoja, na mtu anayejiita hivyo ni Paulo yule yule aliyewapigania Wagalatia kwa ukali wasirudi chini ya kongwa la utumwa. Hakuona kwamba anajipinga. Kristo aliyemnunua alikuwa amefunga kitambaa kiunoni, akamimina maji katika beseni, akawaosha wanafunzi miguu, hata Yuda. Nami Jumamosi ile nililiona beseni, nikaaga haraka kwa sababu ya aibu.

Nimemwomba Mungu msamaha, na jana nikamwomba mzee naye. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaniambia nije na mkasi mkali zaidi, ule wa binti ni butu.

Jumatano nashika mimi. Zamu ya Ijumaa usiku bado haina mtu. Anayeweza anijulishe, maana mke wa mzee amekesha siku tatu mfululizo.