Uzoefu wangu: nilivyoipanga Vim kwa kazi za kila siku

Wengi huipanga Vim, programu ya kuhariri maandishi na msimbo, kwa kunakili faili nzima ya mtu mwingine, mamia ya mistari, bila kujua hata mmoja una kazi gani. Mimi nilianza na `~/.vimrc` tupu (ndiyo faili ya mipangilio ya Vim), na kila mstari nilioutia ulikuwa na usumbufu maalumu wa kuondoa.

Njia hii ina mtego wake. Kuanzia toleo la 8, Vim isipokuta `.vimrc` husoma mipangilio ya awali iliyomo kwenye `defaults.vim`. Ukishaunda `.vimrc` yako, hata ikiwa tupu, mipangilio ile haisomwi tena: rangi za msimbo huweza kutoweka, na utafutaji haukuonyeshi matokeo huku ukiandika. Ndiyo maana mstari wangu wa kwanza ni huu:

`source $VIMRUNTIME/defaults.vim`

Baada yake nikatia `set number relativenumber`, ili nikitaka kushuka mistari saba nisihesabu kwa macho bali niandike `7j` tu, kisha `set ignorecase smartcase`, ili utafutaji usijali herufi kubwa na ndogo isipokuwa nikiandika kubwa mwenyewe. Kwa Python natumia `set expandtab shiftwidth=4 softtabstop=4`, yaani kitufe cha Tab kiweke nafasi nne. Makefile (faili ya maelekezo ya programu `make`), hata hivyo, inadai Tab halisi. Ukiweka nafasi, `make` italalamika `missing separator`. Vim hulirekebisha hilo yenyewe maadamu `filetype plugin indent on` ipo, nayo imo ndani ya `defaults.vim`. Ukiona mambo hayaendi, fungua faili husika uandike `:verbose set expandtab?`. Utaambiwa thamani iliyopo na faili iliyoiweka mara ya mwisho. Hakuna amri iliyonisaidia zaidi ya hii.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ya kulinda kazi umeme ukikatika, kwa historia ya mabadiliko (undo) na nakala ya muda ya kazi ambayo hujaihifadhi (swap):

`set undofile`
`set undodir=~/.vim/undo`
`set directory=~/.vim/swap//`

Kabla ya kuandika mistari hiyo, unda folda zenyewe kwa `mkdir -p ~/.vim/undo ~/.vim/swap`, kwa sababu Vim haikuundii. Folda ya undo isipokuwepo, historia ya mabadiliko haihifadhiwi na huambiwi lolote. Ya swap isipokuwepo, utaona kosa E303. Mikwaju miwili mwishoni huifanya Vim iweke njia nzima ya faili katika jina la swap, hivyo `index.html` za miradi miwili hazigongani. Kwa kawaida swap huandikwa diskini kila baada ya herufi 200, au ukiacha kuandika kwa sekunde 4. Umeme ukirudi, andika `vim -r` na jina la faili, kagua, hifadhi, kisha futa ile swap. Usipoifuta, onyo la E325 litakurudia kila ukifungua faili hiyo.

Kwenye vitufe nilikwenda taratibu:

`let mapleader = " "`
`nnoremap <leader>w :w<CR>`
`inoremap jk <Esc>`
`set timeoutlen=500`

`mapleader`, yaani kitufe kinachoanzisha njia zako za mkato (hapa ni nafasi), lazima itangulie, maana Vim huitazama pale pale inaposoma kila amri inayoitumia. `jk` badala ya Esc inamfaa sana anayeandika Kiswahili: hatuna neno lenye j inayofuatwa na k. Ukizihitaji kweli ndani ya msimbo, bonyeza j, subiri nusu sekunde, ndipo ubonyeze k.

Tumia `nnoremap`, si `nmap`. Kwa `nmap`, matokeo ya kitufe husomwa upya kana kwamba umeyabonyeza wewe; ukibadilishana `;` na `:` kwa njia hiyo, vitazungukana mpaka upate E223. Wala usiweke maelezo kwenye mstari mmoja na amri hizi. Vim itayachukua kuwa vitufe vya kubonyezwa. Yaandike mstari wa juu.

Kunakili kwenda programu nyingine kulihitaji hatua moja: `vim --version | grep clipboard`. Ukiona `-clipboard` (yaani uwezo huo haupo) kwenye Ubuntu, sakinisha `vim-gtk3`, halafu tia `set clipboard=unnamedplus`.

Kila chaguo nililisomea kwanza, kwa mfano `:help 'undofile'`, na alama zile za kunukuu zinahitajika. Ukiwa humo soma pia `:help uganda`. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kuitunza hadi alipofariki 2023, aliwaomba wanaoitumia wawachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda. Nadhani kila mtumiaji wa Afrika Mashariki anastahili kulijua hilo.

Vim ikianza vituko, ifungue kwa `vim --clean`. Tatizo likitoweka, basi chanzo ni mipangilio yako. Andika neno `finish` katikati ya `.vimrc`, Vim huacha kusoma hapo. Lishushe au lipandishe kwa nusu ya kilichobaki, ufungue upya, mpaka mstari wenye kosa ubaki peke yake.