Nani ameshika mchi?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni 2 Samweli 12:1-13, mkipata nafasi lisomeni lote, ila mimi nianzie kwenye mlima wetu Kilimanjaro maana ndiko Roho alikonipeleka.

Sisi tuliokulia huku Moshi hadithi ya Kibo na Mawenzi, vile vilele viwili vya mlima, tumeisikia kabla hata hatujajua kusoma. Mawenzi moto umemzimikia, anaenda kwa Kibo kuomba kaa, anakuta ndizi ziko jikoni, anakaribishwa, anakula anashiba, anaondoka na moto wake. Baadaye huyo anarudi, eti moto umezimika tena njiani, na chakula anapewa tena. Mara ya tatu Kibo uvumilivu unamwisha, anachukua mchi wa kutwangia anamshushia nao wa kichwa na wa mgongo, na ndio maana mpaka leo asubuhi mawingu yakiachia ukiangalia kule kulia unamwona Mawenzi amemeguka meguka vile. Wazee wanaisimulia kwa namna mbalimbali lakini mchi haukosekani. Bibi yetu akifika hapo alikuwa anaigiza kwa mikono miwili, puu! puu! na sisi watoto tunashangilia, mpige huyo mvivu, mpige tena! Hakuna aliyewahi kuuliza Kibo alilalaje usiku ule.

Kuna daktari wa mambo ya nafsi, Mswisi, Carl Jung, alifika mpaka mlima Elgon mwaka 1925, yeye ile sehemu ya mtu ambayo mwenyewe hataki kuiona aliiita kivuli, na aliamini hadithi za kale zinatuonyesha hicho kivuli. Sisemi tumfuate, nasema tu hapo aliona kitu, na nabii Nathani alishakifanyia kazi miaka mingi sana kabla yake.

Maana hebu angalieni Nathani alivyoingia kwa mfalme. Daudi ameshamchukua Bathsheba, mke wa Uria, Uria ameshauawa vitani kwa barua ya Daudi mwenyewe, mtoto ameshazaliwa, na mfalme yuko pale kwenye kiti anaendelea na shughuli kama hakuna kitu. Ungemwendea na mashtaka angejitetea. Nathani anampa hadithi. Tajiri ana kondoo na ng'ombe wengi mno, maskini ana kakondoo kamoja tu kanakokula naye na kulala kifuani kwake, mgeni anakuja, tajiri anamchinjia kale ka maskini. Daudi anawaka! Anasema mtu huyu amestahili kufa, na alipe mara nne. Wapendwa ile hasira haikuwa ya kuigiza, ilikuwa hasira ya kweli ya mtu anayependa haki, na ndiyo hiyo hiyo iliyomfungulia Nathani mlango: "Wewe ndiwe mtu huyo."

Mimi hapo ndipo ninapokaa wiki nzima. Yule unayemchukia kwenye hadithi mpaka unataka apigwe tena, mwangalie vizuri, na yule unayemshangilia pia mwangalie. Kibo ni mrefu, mita 5,895, Mawenzi 5,149, Kibo ana theluji nyeupe watu wanatoka Ulaya kuja kumpiga picha. Lakini juu kule kwenye kreta ya Reusch, iliyopewa jina la mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch, mpaka leo inatoka gesi ya moto yenye harufu ya kiberiti. Mawenzi kama volkano ameshakufa zamani, Kibo amelala tu. Juu barafu, ndani moto haujaisha, na sisi tuliookoka siku nyingi, wenye viti vya mbele kanisani, tulifikirie hilo bila haraka.

Desemba inakuja, watu watapanda nyumbani, vikao vya ukoo vitaanza, na kila mtu atakuja na hadithi yake ya kihamba, lile shamba la ukoo, ambamo yeye ni mwema na kaka yake ndiye mwombaji asiyeshiba. Nimekaa kwenye hivyo vikao. Kila mtu ana mchi mkononi na kila mtu anasema ana haki nao, na pengine kweli aliombwa mara tatu, Kibo naye aliombwa mara tatu.

Na hapo hapo mpakani tunapogombania pamepandwa masale, ile mimea ya mipaka ya Wachaga. Wazee wetu mtu akikosa alichuma jani la isale akampelekea aliyemkosea, na ukiletewa isale kukataa ni jambo zito sana. Mchi unashikwa na anayejiona ana haki, isale linabebwa na mtu aliyekubali kwamba ndiye mtu huyo. Daudi alibeba la kwake mstari wa 13, "Nimemfanyia Bwana dhambi", hakuongeza lakini, hakumtaja Bathsheba kwamba naye alikuwa anaoga mahali panapoonekana.

Kwenye jumuiya wiki hii kila mmoja aje na hadithi moja aliyosimuliwa utotoni, atuambie ni nani ndani yake alikuwa hampendi kabisa, tutasali kuanzia hapo. Nyumbani tusome Zaburi 51 na ile 139:23, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu". Na kama kuna mtu umeshamkumbuka wakati unasoma hapa, usisubiri Desemba, mpigie simu leo.